Njia Iliyopigiwa Hodi

Hapo zamani za kale, wanangu, wakati wanyama walipokuwa wakijenga nyumba za mawe, wakizipaka chokaa na kualikana pilau, palikuwa na mji mdogo wa pwani wenye njia moja tu ya kutoka mtaa wa juu kwenda mtaa wa chini. Njia hiyo iliitwa Mteremko. Ilipita katikati ya kuta, nyembamba, imetandikwa mawe ya matumbawe, na pembeni yake palikuwa na mtaro wa kuondoa maji ya mvua. Chini kabisa ndiko kulikokuwa na kisima cha maji matamu, na nyumba ya Fundi Kima, aliyeunga mifupa ya wanyama wote.

Katika mtaa wa juu aliishi Sange. Sange mnamjua? Ni mnyama mdogo, mdogo kuliko paka, mwenye miguu myembamba na pua ndefu inayotikisika kila wakati kama anayetaka kuuliza kitu. Hakuna mnyama anayependa njia safi kama yeye. Ukikuta msituni kijia kisicho na jani hata moja, ujue hapo Sange amepita.

Sange wetu huyu alikuwa na haya nyingi. Akisalimiwa, aliitikia huku akitazama chini. Alikuwa na binti mmoja, Kidoti, na ufagio mmoja wa chelewa. Kila kulipokucha aliteremka na ufagio wake, fya, fya, fya, akiondoa majani, maganda na mifupa ya samaki. Jiwe likilegea, alilikandika. Mtaro ukiziba, aliuzibua kwa mikono. Hakuna aliyemtuma. Wenzake walipita juu ya kazi yake, wengine wakimcheka kwamba anafagia pasipokuwa pake, naye aliendelea kufagia.

Sasa, katikati ya Mteremko palikuwa na nyumba kubwa ya Kiboko.

Kiboko alianza kwa baraza ya kukalia nje ya mlango wake. Hapo hakukosea, kila nyumba ilikuwa na baraza. Lakini baraza yake ikanenepa. Kila ukipita unaikuta imesogea, mpaka mwenye mzigo kichwani akawa hapiti ila kwa ubavu. Watu wakanung'unika kidogo, kisha Kanga, jirani yake Sange, akasema kwamba bado panapitika ukivuta tumbo ndani. Basi wakavuta matumbo.

Halafu Kiboko akaujaza mtaro mawe ili sakafu yake iwe sawa. Mvua iliponyesha, maji yalikosa pa kwenda, yakaingia jikoni kwa Kanga na kulizima jiko, tswii. Kanga akalia, akakausha kuni, akanyamaza. Halafu Kiboko akasimamisha nguzo, akaezeka makuti juu ya njia, akatandika jamvi. Mwisho akatia kilango cha mbao upande wa juu na kilango kingine upande wa chini, akajilaza katikati, na Mteremko ukawa ukumbi wake.

Tangu siku hiyo, aliyetaka maji matamu alizungukia ufukweni, juu ya mawe yenye utelezi, tena wakati maji ya bahari yamepwa tu. Maji yakijaa, hakuna pa kupita.

Waliozunguka huko walikuwa wanyama wadogo, bila shaka. Tembo, mkuu wa mji, hakuwa na haja ya kuchota maji. Yeye alichotewa.

Siku moja Kidoti alikwenda kisimani na kimtungi chake. Wakati wa kurudi aliharakisha, maana maji yalikuwa yameanza kujaa. Akakanyaga mwani. Teleze, pwaa, kach. Pwaa ni mtungi. Kach ni mguu.

Sange alisikia mayowe akakimbia, akamkuta mwanawe amekaa kwenye maji, mguu wa nyuma umepinda mahali ambapo mguu haupindi. Akambeba kwa kanga yake, akapanda naye hadi juu, kisha akateremka Mteremko mpaka kwenye kilango cha Kiboko. Nyumba ya Fundi Kima ilikuwa inaonekana kule chini, ng'ambo ya ukumbi. Karibu hivyo.

Kiboko alikuwa amelala chali, tumbo juu, akijipepea.

"Nifungulie, bwana Kiboko," Sange akasema. "Mtoto amevunjika mguu."

"Zungukia ufukweni."

"Maji yamejaa."

"Basi ngoja yapwe."

"Mguu haungoji, bwana."

Kiboko akageuza kichwa taratibu. "Bibie, wewe ungependa mimi nikatize chumbani kwako na matope yangu? Hutapenda. Na mimi sipendi. Hapa ni kwangu."

"Hapa ni njia," Sange akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo hata yeye mwenyewe aliisikia kwa shida. "Mimi nimepafagia miaka yote."

"Ulikuwa unanifagilia ukumbi wangu," akasema Kiboko. "Ahsante sana." Akageukia ukutani.

Wanangu, kuna hasira inayopanda na kushuka kama maziwa kwenye moto, na kuna hasira inayoingia ndani na kukaa. Hii ilikaa. Sange alisimama pale na mwanawe mikononi, akayatazama mawe aliyoyakandika yeye, chini ya jamvi la mtu mwingine.

Akangoja maji yapwe. Akambeba Kidoti juu ya mawe yale yale yaliyomvunja, na kila hatua mtoto aliuma upindo wa kanga asipige kelele. Fundi Kima aliufunga ule mguu kwa vijiti vya mwanzi na vitambaa. Lakini hakufurahi. Alisema mfupa umetikiswa mno njiani. Aliagiza mtoto arudishwe Ijumaa, uvimbe ukishuka, aufungue na kuunyoosha mara ya mwisho. Na asipitishwe kwenye mawe tena.

"Ukitikisika tena utaunga umepinda kama ndoana," Kima akasema, "na hapo hata mimi sitaunyoosha. Asipofika Ijumaa, ni hivyo hivyo. Mimi ni mzee, Sange, mawe ya ufukweni siyawezi, siwezi kuja kwako. Njia ndiyo hiyo, imefungwa pande zote mbili."

Nyumba ya Fundi Kima haikuwa na pa kumlaza mgonjwa mpaka Ijumaa, basi Sange alimwacha mtoto apumzike kidogo tu, akisema atamrudia kwa ngalawa. Ngalawa ilikuwa ya Bata, nayo iliyumba kiasi kwamba Kidoti alirudi nyumbani amejikunja kwa maumivu. Bata mwenyewe alisema hatathubutu kumpakia tena. Basi hiyo nayo ikaisha.

Kesho yake Sange alivaa kanga yake nzuri, akaenda kwa Tembo kushtaki. Nyumbani kwa Tembo akaambiwa bwana mkubwa hayupo, yuko kwa Kiboko. Akaenda kwa Kiboko. Na kweli, Tembo alikuwa ukumbini, amekalia jamvi, anatafuna sambusa. Sange alisimama nje ya kilango, akatoa mashtaka yake kupitia nafasi za mbao.

Tembo alisikiliza mpaka sambusa ikaisha. Kisha akamwuliza mwenyeji wake, "Kiboko, hapa ni kwako?"

"Ni kwangu."

"Basi ni kwake," Tembo akamwambia Sange. "Na kwa mtu hapaingiwi ovyo ovyo. Anayetaka kupita apige hodi. Mwenye nyumba akiitikia, aingie. Ukipiga hodi ya tatu usijibiwe, unarudi ulikotoka. Huo ndio uungwana wetu, au wewe hukufundishwa kwenu?"

Uso wa Sange uliwaka moto. Pua yake ikatikisika. Aliuliza, kwa hasira tu, bado hajapanga lolote, "Na akiitikia, bwana mkubwa, anayeingia ni nani? Ni mpita njia, au ni mgeni?"

"Ni mgeni," Tembo akasema. "Nyumbani kwa mtu pana wapita njia?"

"Mgeni anayestahili ugeni wake?"

Kiboko akacheka, tumbo likatikisika. "Sange, mimi tangu nizaliwe sijamnyima mgeni chakula. Waulize wakubwa wote wa mji huu. Wewe piga hodi tu."

Basi Tembo alipoondoka, Sange akapiga hodi. Akaita mara ya kwanza. Kiboko alikuwa macho, masikio yanacheza. Akaita tena. Kiboko akafumba macho. Akaita ya mwisho, na jibu lilikuwa khrrr, khrrr, khrrr.

Sange akarudi nyumbani kama uungwana unavyotaka. Alishika ufagio wake akafagia nyumba ambayo ilikuwa tayari imefagiwa, akaifagia tena, kwa nguvu, mpaka chelewa zikaanza kukatika moja moja. Kidoti, kitandani, alimwuliza kama wameruhusiwa.

"Tumeruhusiwa kuita," Sange akasema. "Hatujaruhusiwa kusikiwa."

Akasimama na ufagio hewani. Neno lake mwenyewe lilikuwa limemgutusha. Kiboko husinzia wakati yuko peke yake. Je, atasinzia mbele ya nani? Na mji mzima ulikuwa unajua kwamba Ijumaa mchana Kiboko anafanya karamu ya kuuonyesha ukumbi wake mpya, na mgeni wa heshima ni Tembo.

Jioni ile alikwenda jikoni kwa Kanga, ambako kuta zilikuwa bado zina alama ya maji, akamwita na Nungu, na Punda mchukuzi. Aliwaeleza anachotaka. Kanga akawakusanya watoto wake chini ya mabawa. Alisema yeye ana watoto, na mdomo wa Kiboko ni mkubwa, na je, akiufunga na yeye Kanga yumo ndani?

Hapo Sange, ambaye walizoea kumwona akitazama chini, aliinua uso.

"Kanga, maji yaliingia jikoni kwako ukakausha kuni ukanyamaza," akasema. "Punda, siku hizi unapita na mizigo baharini, chumvi inakula vidonda vya mgongo wako, na umenyamaza. Mimi nilivuta tumbo ndani pamoja nanyi, nikanyamaza. Sasa mtoto wangu ana miguu mitatu na nusu. Tunangoja nini, avunjike nani? Sikuwaambieni mpigane na Kiboko. Nimewaambieni muende mkale pilau."

Nungu alikuwa wa kwanza kucheka. Punda akauliza kama na yeye ataingia na mzigo wake. Sange akasema hasa na mzigo.

"Lakini kuna jambo moja," akawaambia. "Mtu akituita tule, sisi tumezoea kujibu 'starehe' na kupita zetu. Ijumaa asiseme mtu 'starehe'. Akisema karibu, tumekaribia."

Kanga akalalamika kwamba hilo ndilo gumu kuliko yote, maana 'starehe' hutoka yenyewe mdomoni mwake hata akiwa na njaa. Sange akamwambia akae karibu na Nungu.

Ijumaa asubuhi na mapema, maji yakiwa yamepwa, Nungu alizunguka ufukweni, akamnong'oneza Fundi Kima. Mchana maji yakajaa, yakapiga kwenye kuta, pwa, pwa. Hapakuwa na pengine pa kupita. Sange alimlaza Kidoti juu ya ubao wa kukandia mikate, akamfunga kwa kanga asitikisike, akaushika ubao upande mmoja na Kanga upande mwingine. Wakateremka polepole. Kama Kiboko angenyamaza leo, mguu wa Kidoti ulikuwa umekwisha, na Sange alilijua hilo kila alipotia unyayo chini.

Ukumbini sinia ya pilau ilikuwa ndiyo kwanza imefunuliwa. Mvuke ulipanda. Tembo alikuwa amekunja mkonga tayari, na Kiboko anamsogezea nyama.

"Hodi," Sange akaita.

Kiboko akaendelea kusogeza nyama.

"Hodi wenyewe."

Kiboko akaanza kukohoa kwa nguvu, kama mtu aliyepaliwa.

Sange alivuta pumzi. Hii ilikuwa ya mwisho. Sauti yake yote aliyoinyamazisha maisha yake aliitia kwenye neno moja. "Hodi hapa nyumbani kwa bwana Kiboko, asiyemnyima mgeni!"

Tembo akainua kichwa. "Kiboko, unapigiwa hodi."

"Mimi sijasikia."

"Mimi nimesikia," Tembo akasema, na nani angebisha, kwa masikio yale? "Mjibu mtu. Au hapa kwako hodi haijibiwi?"

Kiboko alitazama sinia, akamtazama Tembo. "Karibu," akasema huku amekaza meno.

"Tumekaribia," akasema Sange.

Kilango kikafunguliwa. Ubao ukaingia taratibu, ukawekwa kwenye jamvi, baina ya Tembo na nyama. Sange hakupita kwenda upande wa pili, kama Kiboko alivyotarajia. Aliketi. Alikunja kanga yake vizuri. Akamsalimu Kiboko, akauliza hali yake, hali ya mkewe, hali ya watoto, hali ya tumbo. Kiboko alijibu yote, maana Tembo alikuwa anatazama, kisha ikambidi aseme lile neno ambalo mtu mwenye chakula mbele yake lazima aliseme.

"Karibu chakula."

Nyuma ya Sange, Kanga alifungua mdomo. "Sta—" akaanza, na Nungu, aliyekuwa anaingia, akamgusa na mwiba mmoja. "Sta-staajabu pilau hili linavyonukia," Kanga akamalizia, akaketi.

"Na huyu amepiga hodi saa ngapi?" Kiboko akauliza, akimtazama Nungu.

"Hodi," Nungu akasema.

"Karibu," Tembo akamwitikia, kwa kuwa sasa alishaona Kiboko ni mzito wa kujibu, na aibu ya mwenyeji humgusa na mgeni wake. Nungu akashukuru, akajipenyeza akae ubavuni mwa Tembo, miiba ikichakarika. Tembo akasogea. Nungu naye akasogea.

Kisha wakaja watoto wa Kanga, msururu, kila mmoja na hodi yake kilangoni. Wakaingia wakampa Tembo shikamoo, mmoja mmoja. Tembo akajibu marahaba, marahaba, marahaba, mpaka koo likakauka, na alipokuwa akijibu marahaba hakuwa akila, bali watoto waliokwisha kusalimia walikuwa wakila. Akaja Bata na miguu yenye tope, pacha, pacha, juu ya jamvi jipya. Wakaja wa mtaa wa juu wote waliosikia, na wale ambao hawakusikia wakaja kwa kuona wenzao wanaingia. Hodi. Karibu. Hodi. Karibu. Kiboko aliitikia mpaka sauti ikawa kama mlango usiotiwa mafuta.

"Mbona hawapiti?" alimnong'oneza Sange, macho yamemtoka. "Wapite, waende zao."

"Wapite wapi, bwana?" Sange akauliza. "Mgeni hapiti sebuleni kwa mtu kama anapita sokoni. Ingekuwa kukudharau."

Hapo ikasikika hodi kutoka kilango cha chini. Alikuwa Fundi Kima, na kapu lake la dawa. Kiboko akaitikia kwa mazoea, bila hata kutazama. Kima akaingia, akasalimu, akasema wazi kwamba amekuja kula, lakini kwa kuwa mgonjwa wake naye ni mgeni hapa hapa, atamtazama kwanza.

Basi akapiga magoti jamvini. Akafungua vitambaa, kile cha juu, cha katikati, na kile cha ndani kilichogandamana na ngozi. Harufu ya mafuta ya nyonyo na kitunguu thomu kilichochacha ikatambaa juu ya pilau. Tembo akaziba mkonga. Sange hakumwona Tembo wala Kiboko wala mtu yeyote. Alimshika Kidoti mabega. Kima alipapasa mfupa kwa vidole viwili, akaushika mguu, akamwambia mtoto ahesabu watoto wa Kanga. Kidoti alipoanza kuhesabu, Kima akavuta. Ngii. Mtoto akatoa ukelele mmoja uliofika kisimani.

Watoto wa Kanga wakaacha kula.

"Umekaa," Kima akasema. Akaanza kufunga upya. "Umekaa sawa. Atakimbia huyu."

Sange aliinamisha kichwa, machozi yakamdondoka kwenye jamvi la Kiboko. Mtu mwingine angeridhika hapo, angemshukuru kila mtu na kwenda zake. Lakini kesho angevunjika mtoto wa nani? Akajifuta uso kwa upindo wa kanga, akamkonyeza Nungu, na Nungu akapiga mluzi.

"Hodi," ikaja sauti nzito ya Punda kutoka kilango cha juu.

"Nani tena?" akauliza Kiboko.

"Mimi na mzigo."

"Mzigo wa nini?"

"Matumbo ya papa. Napeleka kwa wenye mashamba, wanatilia minazi."

"Usiingie!"

"Bwana Kiboko," Sange akasema kwa upole, "utamfukuza mgeni mlangoni, mbele ya bwana mkubwa? Hujawahi tangu uzaliwe."

Punda akaingia. Kwata, kwata, kwata. Vikapu vilikwaruza ukuta huku na nguzo kule, vikamwaga, chubwi, tone zito katikati ya sinia, ambako hata hivyo palikuwa pamebaki mfupa na jani la mdalasini. Nzi wakaingia bila hodi. Punda akatafuta nafasi, asiione, akakaa juu ya mto wa Kiboko, akauliza hali ya watoto.

Kiboko akasimama. Mishipa ya shingo ilimtoka.

"Piteni," akanguruma. "Piteni, piteni nyote! Kwani hapa ni nyumbani kwa mtu? Hapa ni njia! Mtu njiani anapita, hakai!"

Tembo akageuza masikio yake yote mawili.

Sange aliinuka. Alikuwa mfupi kiasi kwamba alipoinuka hapakuwa na tofauti kubwa. "Bwana Kiboko," akasema, "huenda masikio yangu madogo yamekosea. Umesema hapa ni nini?"

Kiboko akaanza kuisukuma sinia kando.

"Amesema njia," Tembo akasema.

Tembo alikuwa na njaa. Alikuwa na miiba ubavuni, tope kwenye kanzu, na harufu ya matumbo ya papa ndani ya mkonga wake mrefu, ambako harufu ikiingia haitoki upesi. Wala msidhani, wanangu, kwamba alimwonea huruma Kidoti. Alichokiona ni kitu kingine kabisa.

"Njia," akarudia, polepole. "Kwa hiyo, Kiboko, mimi, mkuu wa mji, umenialika ukanikalisha njiani? Nile chini, njiani, kama ombaomba?"

Kiboko akajaribu kusema ni ukumbi. Punda akamwuliza, kama ni ukumbi, kahawa iko wapi. Akasema ni njia. Tembo akaguta. Akasema ni ukumbi na njia. Wote wakacheka, na kicheko hicho hakikuwa cha furaha sana, kilikuwa cha watu waliovuta matumbo ndani muda mrefu.

Tembo aliishika nguzo ya kwanza kwa mkonga akaing'oa, kraa. Makuti yakaporomoka, tifu, jua likaingia. Aling'oa na vilango vyote viwili. Baraza aliivunja kwa mguu mpaka ilipokuwa mwanzo, usawa wa mlango wa Kiboko. Kisha akajikung'uta, akasema kwa sauti ya kiserikali kwamba leo yeye Tembo amewarudishia wananchi njia yao.

"Hukuturudishia," Sange akasema. "Uligawa kisichokuwa chako, na leo umekiacha. Na mtaro bado una mawe."

Kanga alishika mdomo kwa mabawa yake yote mawili. Hakuna aliyewahi kumwambia Tembo hivyo. Tembo, kwa kuwa njaa ilikuwa inamkata, akaamua kwamba hakusikia, akaenda zake nyumbani kula.

Sange akamgeukia Kiboko, aliyekuwa amekaa juu ya kifusi, akamwekea ufagio wa chelewa mapajani.

"Nilikufagilia ukumbi wako miaka yote, ndivyo ulivyosema," akamwambia. "Sasa nifagilie njia yangu. Anzia kwenye mtaro."

Kiboko alimtazama yeye, akawatazama waliosimama nyuma yake, wa juu na wa chini, waliojaa Mteremko ukuta kwa ukuta. Akainama, akatoa jiwe la kwanza.

Tangu hapo kila mwenye mlango kwenye Mteremko alifagia mbele ya mlango wake, Kiboko naye akiwemo, na kama alisahau, alisikia fya, fya, fya nje, na sauti ya mama mmoja ikimwita, "Hodi, bwana Kiboko," naye alitoka mbio. Kidoti alishuka kisimani kwa miguu yote, iliyonyooka.

Na mimi ninawaambieni, wanangu: njia ya watu wote si ukumbi wa mtu mmoja, na siku anaposogeza jiwe la kwanza ndiyo siku ya kumwuliza.